Kaburi la Namba Tisa

Kiti kilikuwa na joto.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo halikuwa sawa, na Lionel alilidharau. Alikuwa amesimama ndani ya shimo nyuma ya nyumba ya wazazi wake, hapa Baraka, asubuhi mapema, umande ukiwa bado kwenye majani ya mihogo. Turubai lilikuwa limeoza, na kitenge kilichokuwa chini yake kilikatika kila alipokivuta. Akaweka kiganja juu ya kiti cha ngozi kilicholala ardhini miaka ishirini na minane, akakikuta na joto la kiti ambacho mtu ameinuka juu yake sasa hivi.

"Papa, hiki kiti kiko na moto."

"Ni udongo," Albert akajibu kutoka juu. "Udongo iko inachunga moto. Toa, toa, musinicheleweshe."

Mzee Albert alikuwa na miaka sabini na miwili na magoti mabovu, lakini mtajie Namba Tisa uone magoti yakipona. Kabla ya vita, kila tarehe thelathini ya mwezi wa sita, vijana wenye pikipiki walishindana kutoka Baraka hadi Fizi, kule kilimani, na Albert alishinda mara nne juu ya pikipiki hii nyekundu yenye tisa nyeupe ubavuni. Aliwahi kupanda milima ya Fizi akiwa na kandambili mguu mmoja bila kuanguka. Aliwahi kumpita mtu kwenye daraja. Habari hizo jirani zake wote walizijua kwa moyo, maana hakuwapa nafasi ya kuzisahau.

Na namna ilivyozikwa nayo waliijua. Mwaka ule wa tisini na sita, vita vilipokaribia, kila nyumba ilichimba shimo: masufuria chini, cherehani chini, mabati chini. Lakini askari si wajinga. Udongo uliochimbwa jana waliujua, wakawa wanafukua kila walipopita. Kitu kimoja tu hawakukigusa, nacho ni kaburi bichi. Basi Albert aliizika Namba Tisa kaburini. Grisi haikuwepo, wakaipaka mawese kuanzia usukani hadi ekzosi, wakaifunga kwenye kitenge cha mke wake Suzanne, wakaishusha, wakasimika msalaba. Watu walilia. Chakula cha matanga kilipikwa hasa, bukari, yaani ugali, na dagaa wa ndakala, wakala wote, na sahani moja ikabaki juu ya kaburi kama inavyotakiwa. Siku ya tatu familia ikavuka ziwa kwenda Tanzania. Huko kambini watu walicheka miaka mingi: pikipiki iliyoliliwa matanga!

Lionel naye alikua akicheka. Alikuwa na miaka mitatu wakati ule, hakumbuki kitu. Aliambiwa yote isipokuwa jambo moja, kwamba msalaba ule ulikuwa na jina, na ni jina la nani. Waliporudi Kongo mchwa walikuwa wameshaumaliza, na wazazi wake waliwashukuru mchwa kimyakimya.

Kila mwaka Albert alitaka kuifukua, na kila mwaka Suzanne alikataa bila kusema sababu. Mwaka huu moyo wa mzee ulianza kumsumbua. Akamwambia mke wake kwamba anataka kupanda Namba Tisa mara moja tu, tarehe thelathini, mpaka Fizi, halafu hata afe. Suzanne akachoka kukataa.

Ikawa kazi ya familia nzima. Willy, kaka mkubwa, aliacha machimbo ya dhahabu ya Lulimba akaja kusugua kutu. Clarisse, mke wa Lionel, alishona ngozi mpya ya kiti. Chérie, binti yao wa miaka sita, aliosha skurubu katika beseni la esansi, yaani petroli. Lionel mwenyewe ndiye fundi. Ana banda lake la pikipiki barabarani, na wapo watu wanaomletea mashine kutoka Minembwe kule juu. Albert alikaa kwenye kiti cha plastiki akiamuru.

"Fundi yangu," akamwita Lionel siku ya pili. "Njoo uone hii mnyororo."

Nisikufiche: Lionel alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alikuwa bado anangoja baba yake amwangalie. Albert hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alikuwa tu haangalii upande wake. Akimpa Willy kitu alimpa mkononi; akimpa Lionel alikiweka juu ya meza. Sasa ghafla ni "fundi yangu" asubuhi na jioni, na yule mtu mzima mwenye mke na mtoto alifanya kazi akipiga mluzi kama mvulana. Ndiyo maana alidharau joto la kiti. Angedharau hata moto wenyewe.

Halafu kazi ikaanza kwenda vizuri kupita kiasi.

Jioni aliacha kabureta katika vipande kumi na viwili juu ya gunia, ndani ya jiko la zamani walimoifungia pikipiki. Asubuhi aliikuta imefungwa, kila skurubu mahali pake. Akadhani ni Willy. Willy akadhani ni yeye. Pistoni iliyokuwa imekwama kwa kutu ilishuka yenyewe bila kupigwa nyundo. Lionel akayasifu mawese. Kisha akaona tangi walilolisugua jana kwa sabuni mpaka likang'aa limepakwa mawese upya, mabichi, na kwenye mafuta yale kulikuwa na alama za vidole, vidogo, vya mtoto wa miaka mitatu hivi.

Akamwita Chérie, akamshika mkono, akaulinganisha. Mkono wa Chérie ulikuwa mkubwa zaidi.

"Nani alishika hapa, maman?" akamuuliza, kama baba anavyombembeleza binti yake.

"Ni tonton."

"Tonton Willy, baba yako mkubwa?"

"Hapana. Tonton mwenye kuwa mu tangi. Tunaosha naye skurubu. Moja yangu, moja yake."

"Anaitwa nani?"

Mtoto alimwangalia baba yake kwa aibu, jinsi watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyekosea. "Lionel," akasema. "Nilimwambia Lionel ni papa yangu. Akasema hapana, Lionel ni yeye. Akasema papa atafute jina ingine."

Lionel akacheka, akamrudisha mtoto kwa mama yake, kisha akasimama uani peke yake kwa muda, jua likimpiga utosini, akiwa na baridi.

Siku iliyofuata ilikuja ile adhuhuri ya Suzanne. Chakula kilikuwa kimeliwa, joto limewalaza watu wote, hata kuku walikuwa wamejibanza chini ya gari la mbao la jirani, na katika ukimya ule kikasikika kikohozi kutoka jiko la zamani, viwili vifupi, kimoja kirefu chenye mluzi mwishoni, kikatulia, kikarudi, viwili vifupi, kimoja kirefu, na Suzanne, ambaye alikuwa amelala mkekani, aliamka bila kuamka, akachota maji ya vuguvugu kwenye kikombe, akatia chumvi kidogo, akavuka ua bila viatu, akaingia katika giza la jiko, akainama, akasema, "Kunywa, baba, kunywa pole pole," na akili ilipomrudia alijikuta amepiga magoti mbele ya Namba Tisa, kikombe kikiwa mdomoni mwa tangi, na kikombe kilikuwa kitupu.

Hakupiga kelele. Alitoka nje kinyumenyume. Clarisse alimkuta amekaa kizingitini, kikombe bado mkononi.

"Mama, ni nini?"

"Kikohozi ya Lionel," Suzanne akanong'ona. "Ile ya butoto. Kifua ilikuwa inamukamata mu mvua. Mi naijua. Hata mukinifunga macho, mukileta batoto mia wakohoe, mi nitakuonyesha yangu."

"Lakini Lionel iko mu banda yake, mama. Haiko hapa."

"Najua," akasema Suzanne. "Njo maana nasikia woga."

Jioni Lionel alirudi kutoka bandani, akasalimia, akaketi kula, akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Hakuwa amekohoa hivyo tangu kambini. Clarisse na mama mkwe wake waliangaliana juu ya sufuria.

Kuanzia hapo Lionel alipungua. Suruali ilimshuka kiunoni. Bandani wateja waliomjua miaka walimsalimia wakasita, wakitafuta jina, wakaishia kumwita "fundi". Nyumbani mama yake alipakua chakula, akahesabu sahani, na mara mbili sahani ya Lionel ikakosekana. Mara zote mbili mama alilia kwa aibu. Lakini kiti cha Namba Tisa, kwenye ngozi mpya ya Clarisse, kilizidi kuwa na joto, mpaka kuku wakawa wanakwenda kukilalia.

Albert peke yake hakuona ubaya. Alikaa jikoni humo saa nzima akiifuta mashine, akiongea nayo kwa sauti ya chini, sauti ya upole ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuisikia.

Jumamosi, saa tisa alasiri, ilikuwa siku ya kujaribu. Majirani walijaa uani. Lionel alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa kuweka buji, plagi ya kuwashia injini. Alikuwa ameishika kiganjani, akiisafisha kwa brashi ya meno, na tangi lilikuwa halijatiwa hata tone la esansi. Albert akapanda kiti kwa ajili ya kupigwa picha tu. Akaweka mguu juu ya kiki kwa mazoea.

Hakuikanyaga. Watu kumi na watano waliona kwamba hakuikanyaga. Kiki ilishuka yenyewe, na mashine isiyo na buji wala esansi ikakohoa, viwili vifupi, kimoja kirefu, ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma, moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi, nao haukunuka moshi bali mawese na sabuni ya kuogeshea watoto, na Lionel, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale na buji mkononi, akafungua mdomo kuvuta pumzi, pumzi isije, akavuta tena, isije, akaenda chini kwa magoti, kisha kwa kifua, akikwaruza udongo kwa kucha, na kadiri mashine ilivyopanda sauti ndivyo uso wake ulivyokuwa mweusi zaidi, Clarisse amemwangukia, anamtikisa, anapiga mayowe ya "Lionel! Lionel!", na kila alipotaja jina hilo mashine iliitika kwa kunguruma zaidi, kwa furaha, kama mtoto anayeitwa na watu wengi kwa pamoja.

"Lionel, nyamaza!" akafoka Suzanne.

Alifoka kama mama anavyomfokea mtoto anayepiga kelele mbele ya wageni. Mashine ikazima papo hapo.

Lionel akavuta pumzi kwa kishindo, akalia machozi, akatapika. Alipoinua kichwa alimtafuta baba yake. Albert alikuwa bado amekaa juu ya Namba Tisa, mikono kwenye usukani, machozi yanamtiririka, uso umejaa furaha. "Mulisikia?" alikuwa anawauliza majirani. "Mulisikia sauti yake?" Hakumwangalia mtu aliyelala chini. Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Willy alibaki. Alimsaidia mdogo wake kukaa, akaegemea ukuta pamoja naye.

"Yaya, kaka yangu, minakufa?" Lionel akauliza.

"Kuko kitu hatukukuambia," Willy akasema, akiangalia vidole vyake. "Mi nilikuwa na miaka tisa. Askari balitukuta tunazika. Kamanda yao akauliza, nani alikufa? Na musalaba ilikuwa bado haina jina. Papa akasema, ni mutoto wangu, Lionel. Akachukua makaa, akaandika mbele yao. Weye ulikuwa umefichwa juu ya dari ya jiko, na mama anakuziba mdomo ili usikohoe. Kamanda akasema, mama yake iko wapi, mbona halii? Njo mama akakujaza kitenge mdomoni, akashuka. Njo akalia. Yaani alilia, Lionel! Hata mi nikaamini umekufa. Siku tatu tulikuwa tunasema ulikufa. Tulikula matanga yako."

Lionel akajifuta matapishi mdomoni. Kisha akasimama kwa kushika ukuta, akamfuata baba yake.

"Papa. Kulikuwa majina mingi. Juu ya nini ulichagua yangu?"

Albert alishuka kwenye pikipiki taratibu. Nitasema hili moja la kumsifu, hakudanganya.

"Ulikuwa mugonjwa," akasema. "Ile kifua. Mi niliona hautafika Kigoma. Nilisema, mutoto huyu ataenda tu. Basi jina yake isaidie kitu."

"Isaidie moto, pikipiki yako."

"Ilikuwa vita, Lionel."

"Nilifika Kigoma, papa. Nilifika, nikapona, nikakomaa. Miaka ishirini na minane. Njo maana haukuwa unaniangalia?"

Mzee akageuza macho, akaiangalia Namba Tisa. Ndani ya tangi, kitu kikacheka kidogo, kicheko cha mtoto aliyefurahi kuona wakubwa wanagombana kwa ajili yake.

Walimtafuta Mama Anastasie wa Kilembwe. Ni mufumu, yaani mganga, lakini usimfikirie mtu wa mashetani na manyoya; ni bibi mnene, mkali, aliyefika Jumapili mchana kwa pikipiki ya kukodi akilaani mashimo ya barabara na kiuno chake. Alikunywa chai vikombe viwili. Alisikiliza. Kisha akaenda jikoni, akakaa humo kwa dakika kumi mlango ukiwa wazi, akarudi akijifuta jasho.

"Haiko kitu mubaya," akasema. "Musinitazame hivyo. Mubaya ni nyinyi. Hiki kitu kilikuwa kinapita. Hakina nyumba, hakina jina, hakina muntu. Kikakuta kaburi: jina iko juu, machozi iko juu, sahani ya bukari iko juu. Na ndani hamuna muntu! Weye Albert, ungekuwa unatembea bila nyumba, ukute nyumba wazi na jina yako mulangoni, ungefanya nini? Kikaingia. Nyinyi mukaenda Tanzania, chenyewe kikabaki hapa kinamungoja mama yake."

Suzanne akajifunika uso kwa kitenge.

"Sasa mulikitoa," Anastasie akaendelea. "Kimekuta jina yake inavaliwa na muntu mwingine. Kinasema, mi njo mulinililia matanga, mi njo mutoto. Jina kiko nayo. Kinatafuta pumzi, na pumzi kinaijua iko wapi."

"Kifukuzwe," akasema Clarisse. "Mama, nakuomba, kifukuzwe."

"Mutoto wa nyumba hafukuzwi kama kuku. Sikia. Mutarudisha hii pikipiki mu shimo, mutalia upya, mutaweka musalaba. Yule aliyetoa jina ya mwenziwe, arudishe, aandike yake mwenyewe. Albert. Kitakuwa chako. Hautakufa kesho, utakula siku zako zenye Mungu alikupa. Lakini kitakuita weye, na siku yako ikifika utalala pale pale nacho. Ni haki yake."

"Na kama hataki?" Willy akauliza.

"Basi kichukue hiyo jina kabisa. Na huyu," akamwonyesha Lionel kwa kidole, "aende. Na muke yake, na mutoto yake. Asiitike tena hiyo jina, hapa wala kwingine, na mama yake asimwite nayo mpaka kufa. Siku moja akiitika, pumzi imeenda. Ataishi. Lakini muntu mwenye mama yake hawezi kumuita, mi sijui ni kuishi gani."

Wote wakamgeukia Albert. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake cha plastiki, mdogo kuliko alivyokuwa wiki iliyopita. Akamwangalia Lionel. Akamwangalia hasa, usoni, kwa muda, labda kwa mara ya kwanza.

"Nitaandika yangu," akasema. "Mi njo nilikosea. Nitaandika Albert."

Lionel alipiga magoti akaishika mikono ya baba yake, akalia. Usiku ule alilala vizuri. Clarisse alimsikia akipumua na hakufumba macho, akihesabu kila pumzi.

Jumatatu asubuhi, jua likiwa juu, walizika. Walifanya kila kitu. Waliipaka mawese Namba Tisa, na mafuta yalichemka kidogo kwenye kiti. Waliifunga katika kitenge kizuri kuliko vyote vya Suzanne. Willy na Lionel waliishusha kwa kamba. Shimoni ikakohoa mara moja, na Lionel, juu, akakohoa pamoja nayo, lakini akaendelea kutupa udongo. Albert alitoka chumbani na msalaba aliouchonga na kuuandika mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, msalaba ukiwa umezungushiwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeshangaa. Mtu anayeandika jina lake juu ya kaburi ana haki ya kujifungia.

Akausimika kwa mikono yake. Akaushindilia udongo kwa kisigino, imara, kisha akarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka ukutani.

"Nani anafungua?" akauliza Anastasie. "Mama yake afungue. Halafu tulie."

Suzanne akakivuta kitambaa.

Ilikuwa imeandikwa kwa makaa, herufi kubwa, zilizopinda upande mmoja. Willy alizijua herufi zile tangu akiwa na miaka tisa. LIONEL.

Clarisse ndiye aliyepiga yowe. Akaurukia msalaba kuung'oa, Anastasie akamkamata kiuno na kumrudisha. "Acha! Umeshaingia mu udongo. Kimeshasoma."

Na kweli, ardhi ilikuwa imeshuka kidogo chini ya msalaba, laini, kama godoro linapopata mtu.

"Mi nilikuwa nataka," Albert akasema kutoka ukutani. "Nilishika makaa, nikaandika A. Niliogopa, mutoto wangu. Mi iko muzee. Niliona hiyo shimo, nikaogopa. Weye iko na nguvu, weye unaweza kuanza kwingine..."

Lionel akajipangusa udongo mikononi. Sina la kuongeza juu ya mtu aliyezikwa na baba yake mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na vita wala askari. Aliingia ndani, akatoka na begi moja. Clarisse akamfunga Chérie viatu. Willy akatoa pikipiki yake mwenyewe, ya Lulimba, akampa mdogo wake ufunguo mkononi, wakakumbatiana. Hakumwita kwa jina. Hakumwita kwa kitu chochote.

"Papa," Chérie akauliza, "sasa weye ni nani?"

"Ni papa yako," akasema. "Hiyo inatosha."

Alimwendea mama yake mwisho. Suzanne alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, paji, mashavu, masikio, kama kipofu. Midomo yake ilikuwa inatafuta. Akaanza herufi ya kwanza, ulimi ukagusa meno, akajiuma, na damu kidogo ikatoka. Huyo aliyemzaa kwa siku mbili za uchungu, aliyemziba mdomo juu ya dari ili asiuawe, sasa hakuwa na neno la kumwitia. Akamwachia.

Pikipiki ilitoka getini ikashika njia ya kusini, mtoto akiwa katikati. Walikuwa hawajafika kwenye kona Albert alipotoka mbio uani, magoti mabovu na yote, amechanganyikiwa, amesahau au hakutaka kukumbuka, akapaza sauti barabara nzima isikie:

"Lionel! Lionel, rudi!"

Clarisse aliuona mgongo wa mume wake ukikakamaa. Mkono wake ukazungusha mshiko wa esansi. Hakugeuka, na pikipiki ikapita kona.

Lakini aliyeitwa aliitika. Nyuma ya nyumba, chini ya udongo mbichi, kikasikika kikohozi, viwili vifupi, kimoja kirefu. Kisha, wazi kabisa, katika jua la saa nne, sauti ya mtoto wa miaka mitatu:

"Papa, mi iko hapa. Mama, njaa iko inaniuma."

Albert akakaa chini barabarani. Anastasie alikuwa ameshachukua mkoba wake akiondoka bila kudai kitu. Suzanne alisimama katikati ya ua, akaangalia kona ambako vumbi lilikuwa bado halijatulia, akaangalia msalaba. Sauti ikaita tena, "Mama," kwa kulialia kidogo.

Alijifuta damu mdomoni, akaingia jikoni, akapuliza moto, na kuteleka maji ya bukari.